Kombati Kwenye Kamba

Soitsambu,
9 Juni 2025

Dada Cresensia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye mzima, na mguu wake umepungua kuvimba. Yule ndama aliyekuwa anaharisha alipona? Mimi niko salama. Huku Soitsambu upepo unapiga kutwa na ng'ombe ni wengi kuliko watu. Nakaa kwao Saruni, rafiki yangu wa kambini, yule mliyewahi kuongea naye kwenye simu. Mama yake ananiletea maziwa kila asubuhi na kunicheka ninavyosalimia Kimaasai.

Naandika kwa mkono kwa sababu namba yangu umeifungia. Nilipiga kwa simu ya Saruni, ukasikia sauti yangu ukakata. Mama hana simu nyingine ila yako. Sawa, barua huwezi kuikata katikati. Nimempa Abdulwahabu, dereva wa lori linaloleta unga na sukari huku. Ataiacha kwa tajiri yake, Hamisa, pale dukani Karatu mjini, utaichukua ukienda mnadani.

Dada, mkataba wangu wa miaka sita uliisha mwezi wa nne. Sikusaini mwingine. Nimepata nafasi chuoni, stashahada ya lishe, miaka mitatu. Wanafungua Oktoba. Nilijaribu kukuambia kwa simu, ukanipigia kelele mpaka salio likaisha. Sasa nimesema. Nakwenda chuo.

Kuna jambo moja dogo. Nimekabidhi vifaa vyote kambini, imepungua suti moja ya kombati, shati na suruali. Nakumbuka niliiacha nyumbani likizo ya mwaka juzi, ukasema utaifua. Tafadhali ifunge vizuri kwenye mfuko, asiione mtu, umpe Abdulwahabu. Bila hiyo hawanipi barua ya kuachishwa. Na bila barua hiyo chuo hakinipokei, kwa sababu kwenye karatasi mimi bado ni askari.

Nimepata kibarua kwenye kambi moja ya watalii, nitakuwepo mpaka Septemba. Msalimie mama sana.

Mdogo wako,
Adrian


Qurus,
30 Juni 2025

Adrian,

Milele amina. Hiyo naitikia kwa sababu ni ya Yesu, si yako.

Mama mzima. Mguu uko vilevile. Ndama alikufa, wala usijifanye ulikuwa unamfikiria. Tumeanza kuvuna mahindi, na ninaposema tumeanza ujue ni mimi peke yangu, mama anakaa kwenye kigoda anapukuchua na kunielekeza kama vile sijawahi kuona hindi.

Kwa hiyo umevua gwanda. Umekaa huko na Wamaasai wako, umekunywa maziwa, umeshiba, ukaona unifahamishe. Hukuniuliza. Umenifahamisha! Mimi niliyekukimbilia ile nafasi baba hana hata mwezi kaburini. Niliyekuombea barua kwa mwenyekiti, kwa padri, kwa kila mwenye muhuri. Nilivaa viatu vya mama siku ile maana vyangu vilikuwa vimekatika.

Halafu lishe. Nilimuuliza mwalimu Angelina, lishe ni nini? Akaniambia ni elimu ya chakula. Nilicheka mpaka mama akatoka nje kuuliza kuna nini. Mwanaume mzima, aliyeapa mbele ya bendera, anakwenda kukaa dawati moja na watoto wa juzi afundishwe uji! Uji si nilikunywesha mimi?

Nikuulize kitu. Unakumbuka jirani yetu Nelson alifanya nini wiki ile tulipomzika baba? Aling'oa mikonge ya mpaka mchana kweupe, akasema mbele ya watu kwamba shamba lile halina mwanaume, lina kikongwe na mwanamke aliyerudi kwao kutoka kwa mume. Hayo alisema, na mimi nimesimama pale. Leo Nelson akikutana na mimi njiani anavua kofia. Unadhani ananivulia mimi?

Rudi ukasaini. Kama hutaki, usikanyage Qurus ukiwa raia. Nimemaliza.

Cresensia


Soitsambu,
21 Julai 2025

Dada,

Salamu kwako na kwa mama. Pole kwa ndama, na pole kwa mavuno ya peke yako. Barua yako imechelewa, lori liliharibika likalala Karatu wiki nzima. Huku wamechanja ng'ombe wa Enguserosambu na Soitsambu, vumbi na kelele za siku mbili, na mimi nimesaidia kushika pembe. Nimepigwa teke la paja. Cheka ukitaka.

Umeandika kurasa mbili. Nimezisoma mara mbili, kisha nikampa Saruni naye asome nisije nikawa nimepitiwa. Kombati hujaitaja hata kidogo. Mwalimu Angelina yumo, Nelson yumo, viatu vya mama vimo. Nilichokuomba hakimo.

Dada, sikukuomba ruhusa. Nilikuwa na ruhusa yako miaka sita. Nilipomaliza kidato cha sita ulisema jeshi, nikaenda jeshi. Sikusema neno. Ulisema tuma, nikatuma. Miaka hiyo ilikuwa yenu. Hii mitatu ni yangu, na sitaiombea barua ya mwenyekiti wala padri.

Stoo ya kambini wanafunga hesabu ya vifaa vyangu mwisho wa Septemba. Baada ya hapo linakuwa kosa la kujibu mbele ya wakubwa, na chuo kitakuwa kimeanza bila mimi. Ningekuja mwenyewe kuichukua, ila nikiacha kazi hapa kabla ya muda sina cha kuanzia huko chuoni. Nijibu neno moja tu. Ipo au haipo?

Adrian


Qurus,
3 Agosti 2025

Adrian,

Hatujambo. Mama anakusalimia, mimi naandika tu alichoniambia.

Habari za kombati sizijui. Nguo za mwaka juzi mimi nitazijuaje? Labda uliiacha kwenye basi, wewe tangu mtoto ulikuwa unasahau hata daftari. Labda panya. Panya wa mwaka huu wanakula mpaka sabuni.

Mbaazi zimekubali. Nelson yuko kwake.

C.


Soitsambu,
17 Agosti 2025

Cresensia,

Mama nisalimie. Wengine leo watasubiri.

Barua yangu iliyopita Abdulwahabu hakuiacha dukani. Hamisa alimtuma Qurus kununua maharage, akaona bora aifikishe nyumbani. Jana amenisimulia hapa, anakunywa chai, anacheka, hajui anachonisimulia. Anasema, "Bwana, kwenu wanakuheshimu! Nimekuta kombati yako imeanikwa kwenye kamba, imepigwa pasi safi, imeelekea kwa jirani."

Imepigwa pasi! Nani anaanika nguo iliyokwisha kupigwa pasi? Na hiyo ndiyo nguo iliyoliwa na panya?

Nilitoka nje nikatembea mpaka nikafika mtoni ndipo nikajua nimetoka bila viatu. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu yeyote, na nimeishi na watu wengi wa kila aina. Unajua raia akikutwa na nguo ya jeshi ni kosa? Unajua wewe ndiye watakayekuja kumchukua, siyo mimi? Umeiweka kwenye kamba, barabarani, kila anayepita aione! Mama atabaki na nani?

Na sasa nikuambie ulilokuwa hujui. Unamtishia Nelson na mimi, eti mjeda. Mimi nilikuwa mpishi. Tangu mafunzo yaishe nilipangiwa jikoni na nikakaa jikoni. Bunduki niliishika siku za shabaha tu, na shabaha yenyewe nilikuwa sipati. Nilisonga ugali, nilichambua maharage, nilisugua masufuria ambayo ungeweza kuoga ndani yake. Sikukwambia kwa sababu kila nikipiga simu uliniuliza nimekamata majambazi wangapi, na ulikuwa na furaha, nikashindwa.

Nilikuwa naona vijana wanaingia kambini mifupa mitupu, miezi michache baadaye wamejaa, na wengine wanakula chakula kilekile na hawanenepi. Nikataka kujua kwa nini. Daktari mmoja akaniambia kuna chuo wanafundisha. Ndiyo hivyo, hakuna hadithi kubwa. Ni kitu cha kwanza maishani nilichokitaka mwenyewe, na wewe umekitundika kwenye kamba.

Itoe. Ifunge. Ilete.

Adrian


Qurus,
1 Septemba 2025

Wewe Adrian,

Usiniite Cresensia. Mimi ni dada yako, nilikubeba mgongoni, jina langu hukuwahi kulitamka hivyo mpaka ulipojifunza ukali huko jikoni.

Ndiyo, niliianika. Naianika kila wiki. Nikisikia Nelson anafunga ng'ombe jembe, naitoa kabatini naitundika. Naipiga pasi kwa sababu askari hawezi kuwa na nguo imekunjamana. Na sijuti hata chembe!

Siku ya kwanza wala sikukusudia. Ulikuwa umeondoka asubuhi, nikafua ulichoacha. Nelson alikuwa ameanza kulima, ng'ombe wake wameshavuka ile mikonge iliyobaki, wanaelekea kaburi la baba. Mimi nimesimama na beseni nalia kwa hasira, nikaanika nguo huku nalia. Akaiona. Akasimamisha ng'ombe. Akauliza, "Kijana amerudi?" Nikamwambia amelala, nimwamshe? Akageuza jembe. Adrian, nilikuwa nimekwenda kwa wazee, nimekwenda kwa mwenyekiti, nimekwenda mjini nikaambiwa njoo wiki ijayo mpaka nikachoka kuhesabu wiki. Shati moja bichi likafanya kazi ambayo mimi kwa mdomo wangu wote sikuiweza.

Kwa hiyo ulikuwa unapika. Hongera. Wewe ulikuwa unapika, na mimi nilikuwa vitani. Hapa hapa Qurus. Mchana nalima, usiku nasikiliza kama kuna mtu anagusa mikonge. Sikupewa likizo, sikupewa buti, wala hakuna aliyenipigia saluti. Mkataba wangu mimi unaisha lini? Nisaini wapi kwamba nimekataa kuendelea?

Na mimi pia nilikuwa na kitu nilichokitaka. Hujawahi kuuliza ni nini, na leo sikwambii.

Kombati siitoi. Nenda kawaambie imepotea, wakufunge siku mbili tatu, utatoka. Shamba likienda halirudi.

Dada yako


Soitsambu,
10 Septemba 2025

Dada,

Shikamoo. Nimekosea kukuita kwa jina na ninakuomba radhi kwa hilo. Kwa hilo tu.

Barua yako nimeisoma nikiwa na sufuria jikoni, wali ukaungua, wageni wakala mkate. Sikujua habari za siku ile. Ungeniambia ningekuja. Lakini hukuniambia, kwa sababu ulihitaji niwe mbali na niwe mkali, na mtu wa karibu anayesonga ugali asingekufaa.

Nilishafunga begi nije. Saruni akanikalisha chini, akasema nikija na moyo huu nitasema maneno mbele ya mama ambayo hayatafutika. Kwa hiyo nimefanya kitu kingine. Utanichukia, najua.

Jana nimempigia simu Nelson.

Nimemwambia, shikamoo mzee, ni Adrian wa marehemu Valeriani. Nikamwambia mkataba wangu umeisha, mimi si askari tena, na hata nilipokuwa askari nilikuwa mpishi. Nikamwambia ile nguo kwenye kamba haina mtu ndani yake. Akaniuliza ugali wa kambi nzima unasongwa na watu wangapi. Nikamjibu. Kisha nikamwambia mpaka ni mikonge aliyoipanda babu, na mimi ni mtoto wa nyumba ile nikiwa na gwanda au nikiwa na kaptula. Akasema, "Haya mwanangu, usome vizuri."

Sasa kombati haimtishi mtu. Haikufai kitu. Mimi bado inanifaa. Nimechoka kulinda shamba nikiwa nguo, dada. Kama kuna kugombana na Nelson, tugombane naye kama watu. Nitakwenda kwa wazee na wewe, nitakwenda kokote, ila nitakwenda mimi mwenyewe.

Nakuomba kwa mara ya mwisho.

Adrian


Qurus,
22 Septemba 2025

Adrian,

Mama mzima. Nitakueleza mzima wa namna gani.

Alipokuwa anakuambia usome vizuri, Nelson alikuwa tayari anatafuta kamba za jembe. Kesho yake asubuhi na mapema ng'ombe wake walikuwa ndani ya shamba. Hakuvua kofia. Alisema, "Mpishi wenu hajambo?" Msaliti wewe! Mtoto niliyemlea mwenyewe, umeniuza kwa simu, kwa hiari yako, umemaliza salio lako kuniuza. Nilikulaani pale shambani kwa sauti, majirani wakasikia. Nimekwenda kuungama na padri ameniambia nikuombe msamaha. Nitakuomba siku nyingine.

Nilisimama mbele ya ng'ombe. Nelson akawapiga fimbo, wakanipita kulia na kushoto kama vile mimi ni kisiki. Mama alikuwa ametoka na kigoda chake, anajikokota na ule mguu, akakiweka kwenye tuta, akakaa. Akamwambia Nelson alime juu yake. Nelson alikuja na ng'ombe mpaka karibu yake, akapiga kelele mama atoke, mama hatoki. Akamshika mkono amwinue. Mama akaanguka kifudifudi, hakuvunjika kitu, lakini kinywa kilijaa udongo.

Hapo sikupiga kelele kwa wanaume. Nilipiga yowe lile la akina mama. Nilikuwa sijalipiga maisha yangu yote. Unajua desturi yetu: mwanaume akimwangusha mama wa watu, wanawake wote wa kitongoji wanachukua fimbo zao na kwenda kukaa langoni kwake. Hatoki mtu, hatoki ng'ombe, mpaka atoe faini. Walikuja, Adrian. Walikuja na unga mikononi, walikuja na watoto mgongoni, wengine wametoka kunywa dawa. Mbele yao Mama Eunike, ambaye nilidhani hanipendi, kwa kuwa tangu uende jeshini salamu yake ni ya kichwa tu. Nilimuuliza, kumbe mngekuja siku zote? Akanijibu kwa ukali, "Tulikuwa tunangoja utuite. Wewe ukawa unamwita mjeda. Nani aende kwenye nyumba inayotishia watu kwa gwanda? Sisi wengine tuna mipaka na wewe pia, kila wiki tulikuwa tunajiuliza ile nguo imeanikwa kwa ajili ya nani."

Maneno yale nimekaa nayo tangu siku ile. Sina hamu ya kuyaeleza zaidi.

Nelson alitoka siku ya pili na dume la kuchinja, na kofia ameishika mkononi. Mbele ya wazee amekubali hatavuka tena. Lakini alichokuwa amelima, wazee wamesema kibaki kwake mpaka shauri lisikilizwe, na wewe unajua mashauri haya yanavyosikilizwa. Matuta matatu. Upande wa chini kule, penye udongo mweusi, ambapo baba alikuwa anapanda maharage ya mbegu.

Kombati nimempa Abdulwahabu leo asubuhi, ndani ya gunia la mbaazi, katikati, hakuna atakayeiona. Nimeifua sikuipiga pasi. Ameniahidi utaipata kabla ya mwisho wa mwezi. Mbaazi ni zako, ukale huko chuoni, maana sidhani kama wanaofundisha chakula wanapika.

Usinidhanie nimetulia. Nimeandika barua hii nikisimama kwa sababu nikikaa nitaichana. Ukija likizo tutagombana, jiandae, na safari hii tutagombana mpaka mwisho bila mtu kukata simu wala kungoja lori. Utaniuliza na lile ulilokuwa hujawahi kuniuliza, na utaketi usikilize lote.

Lakini chuo nenda. Na usithubutu kufeli hata somo moja, usithubutu kuniambia kozi ni ngumu, usithubutu kurudi hapa mwaka wa pili na maneno kwamba umeona bora biashara. Matuta matatu ya baba yamekwenda ili wewe ukae kwenye dawati lile, Adrian. Soma.

Dada yako,
Cresensia